Nilivyompigia Debe Mdogo Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye zizi la kondoo la baba, nje kidogo ya mji wa Clunes, Australia, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope na kichwa cha mdogo wangu kikiwa mapajani mwangu. Wengi mmeniuliza kama alikufa.

Hakufa. Alifumbua macho baada ya muda ambao siwezi kuupima. Natamani niwaambie kwamba hapo ndipo mabaya yalipokoma, lakini aibu yangu mimi ilikuwa haijaanza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Verity Trembath, nina miaka arobaini na mmoja. Mume wangu Ewan aliondoka mwezi wa tatu. Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na mizani ya machinjioni, kila anayepita mbele yangu nampima. Mwezi wa tano kipindi changu cha redio kikafutwa. Nikabaki na kitu kimoja tu ambacho bado kilinipa heshima: safu yangu ya gazetini ya kila Jumatano, inayowaambia wacheza fantasi beki gani anafaa na beki gani ni mzigo.

Fantasi yetu haina uchawi. Unapewa pesa za kubuni, unajinunulia wachezaji wa kweli wa ligi ya mpira wa Kiaustralia, ule wa kupiga kwa mguu na kudaka kwa mikono, na wanachokifanya uwanjani kinageuka pointi zako. Teke moja, pointi tatu. Kudaka mpira uliopigwa na mwenzako, tatu. Pasi ya ngumi, mbili. Kumkaba mtu, nne. Mmoja unamfanya nahodha, na pointi zake zinahesabiwa mara mbili.

Washambuliaji kila mtu anawaona. Beki lazima umsome. Nani anapewa mpira wa kuanzia golini wapinzani wakikosa goli? Nani hudaka mahali ambapo hakuna wa kumsukuma? Nani anapenda vipasi vya pembeni ambavyo haviisaidii timu lakini kapu la pointi linajaa?

Mdogo wangu Kerrin alikuwa hivyo hasa. Miaka ishirini na saba, mrefu, mpole, anachezea klabu moja kubwa ya Melbourne. Mashabiki wa klabu yake walimzomea. Wacheza fantasi walimuabudu.

Na mimi, wiki ile, nilikuwa wa tatu nchi nzima kwenye fantasi. Zilibaki mechi mbili msimu uishe. Mshindi angepata pikapu mpya. Pikapu yenyewe sikuitaka. Nilitaka Ewan afungue gazeti asubuhi akutane na jina langu.

Haya, turudi zizini.

Ilikuwa Jumanne, siku yake ya mapumziko. Alikuja kutusaidia kuwanywesha kondoo dawa ya minyoo. Aliinama kuokota bomba la dawa, kondoo dume akamjia kwa nyuma, akampiga kikumbo. Paji la uso likagonga nguzo ya chuma. Mlio ule bado ninao masikioni.

Alipofumbua macho, aliniangalia kama mtu aliyeamshwa kwenye basi.

"Dada," akasema, "mama yuko wapi?"

Mama tulimzika miaka sita iliyopita.

Kabla sijajibu, akageuka akatapika. Yote yaliishia kwenye mabuti yangu na mikononi mwangu. Kisha akakaa, akajifuta mdomo, na taratibu nikaona akili inarudi machoni mwake.

"Inuka, nakupeleka hospitali."

"Hunipeleki."

"Kerrin, umezimia!"

"Nimeteleza tu. Ukinipeleka, daktari anapiga simu klabuni. Wakishajua ni kichwa, kwa sheria ya ligi nakaa nje siku kumi na mbili. Hizo ndizo mechi zote zilizobaki. Na mkataba wangu unaisha, dada. Unadhani nani atampa mkataba beki anayezomewa, tena mgonjwa?"

"Umetapika."

"Ni ile pai ya baba. Ina wiki nzima kwenye friji."

"Umemuulizia mama."

"Nimemuulizia?"

"Ndiyo."

Aliinamisha uso. "Basi usimwambie Saskia," akasema. "Nakuomba. Ataogopa bure."

Saskia ni mkewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana uchafu wangu uko hapa.

Jumatatu, siku moja kabla, beki mwenzake aliyekuwa akipiga mipira ya kuanzia golini alichanika msuli wa paja. Kwa hiyo Jumamosi mipira yote ile ingekuwa ya Kerrin. Na wapinzani wao walikuwa timu inayokosa magoli kuliko timu yoyote kwenye ligi. Kila wakikosa, Kerrin anaanzisha. Kila akianzisha, tatu. Akirudishiwa akadaka, tatu nyingine. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: mia na ishirini, labda zaidi.

Mikono yangu ilikuwa inanuka matapishi ya mdogo wangu, na kichwani bado nilikuwa najumlisha.

"Sawa," nikamwambia. "Siri yetu."

Akanibusu shavuni. "Asante, dada. Wewe ndiye pekee ninayekutegemea."

Alinishukuru!

Baba alishuka kwenye trekta akatukuta tumekaa kwenye tope. "Mbona mmejikunyata kama kuku wenye kideri?"

"Nimeteleza, baba," Kerrin akasema.

"Beki mzima wa Melbourne anaangushwa na tope?" Baba akacheka, akaingia ndani kuchemsha chai.

Nilicheka pia.

Jumatano nikakaa mezani kuandika. Nilijaribu kumruka Kerrin kwenye safu. Nikaandika kuhusu mabeki wengine wanne. Lakini wasomaji walikuwa wameshaanza kunitumia ujumbe: "Trembath vipi? Ndiye anayepiga mipira ya golini sasa? Tumuweke?"

Niliandika hivi, neno kwa neno, wala sitalipunguza:

"Mnajua sipendi kumsifia mtu wa damu yangu. Lakini wiki hii asiye na Kerrin Trembath asinililie. Bei yake bado iko chini. Ana mipira yote ya golini. Yuko fiti kuliko nilivyowahi kumuona. Mnunueni, na mwenye moyo amfanye nahodha. Mimi nimemfanya."

Yuko fiti kuliko nilivyowahi kumuona.

Nilibonyeza kutuma, nikaenda kuosha mabuti.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Saskia.

"Wifi, habari za huko? Samahani nakusumbua. Kerrin amerudi kutoka huko kwenu hana raha. Amelala tangu jana. Nikiwasha taa anafunika uso. Kuna kitu kilitokea?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Ana alama hapa kwenye paji. Anasema ni mlango wa zizi."

Nilikuwa na nafasi. Wifi yangu alikuwa ameniwekea mlango wazi kabisa, na kilichotakiwa ni sentensi moja.

"Wale kondoo wasumbufu mno," nikasema. "Kachoka tu, wifi. Mpe supu, muache alale."

"Kweli?"

"Ningekudanganya?"

"Hapana," akasema, na pumzi zake zikashuka. "Hapana, wewe huwezi. Asante, wifi."

Asante ya pili hiyo, ndani ya siku tatu.

Jumamosi mchana nilipanda treni kwenda Melbourne. Wasomaji wangu walikuwa wameninunulia kiti katikati yao, jukwaani nyuma ya goli. Walikuwa kama thelathini, wote wamevaa fulana zilizoandikwa MABEKI WA VERITY. Kiongozi wao alikuwa Gavan, fundi bomba mwenye tumbo kubwa na sauti ya tarumbeta.

"Bibi harusi kaja!" akapiga kelele. "Mpisheni! Jamani, nani hajamfanya Trembath nahodha? Anyooshe mkono tumtupe chini!"

Hakuna aliyenyoosha.

Kushoto kwangu alikaa mama mmoja mstaafu, Noelene, ana thermosi yake na blanketi miguuni. Aliniambia alikuwa muuguzi miaka thelathini na nane. "Mimi mpira siujui sana," akasema. "Lakini tangu mume wangu afariki, safu yako ndiyo inayonipa kitu cha kungojea."



Mechi ikaanza, na mambo yakawa kama nilivyoandika. Wapinzani walikosa goli, wakakosa tena. Kila mara Kerrin alikuja golini, akachukua mpira, akapiga hatua mbili, akautuma pembeni. Wakamrudishia. Akadaka.

"Tatu!" jukwaa likaitikia. "Tatu nyingine! Sita za bure!"

Hakuna aliyekuwa akiangalia mechi. Walikuwa wanaangalia simu. Mtu anakimbia mbele yao akitoka jasho, na wao wanamtazama akiwa tarakimu kwenye kioo. Niliwaona, nikaona kinyaa. Halafu nikaona nami simu yangu iko mkononi.

Kufika mapumziko alikuwa na sabini na nne.

Katikati ya robo ya tatu, kati ya robo nne za mchezo, aliruka kugombea mpira na bega la mtu likamgusa shavuni. Halikuwa pigo. Mtoto angecheka akaendelea kucheza. Kerrin alitua chini kwa goti, akabaki hapo.

"Inuka, kijana!" Gavan akanguruma. "Hulipwi kusali!"

Akainuka. Alitembea mpaka kwa mwenzake, akamwambia kitu. Mwenzake akacheka, akamwonyesha ubao wa magoli kwa kidole. Kerrin akautazama ubao kwa muda mrefu.

Noelene akaweka chini kikombe cha thermosi. "Yule kijana haoni sawasawa."

"Anaona, mama," Gavan akasema. "Ana mia na sita!"

"Angalia anavyoweka miguu. Ameitanua. Anatafuta ardhi."

"Mama yangu, kunywa chai."

Noelene akanigeukia. "Wewe ni dada yake. Huyo ndivyo anavyotembea siku zote?"

Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa golini tena, mpira mikononi, mita chache kutoka tulipokaa. Miguu yake ilijua kazi. Alipiga, mpira ukamfikia mwenzake kifuani. Lakini macho yake yalikuwa yanatutazama sisi, jukwaa zima, kama vile alikuwa anatafuta sura moja anayoifahamu.

Nilinyanyua mkono. Aliniona. Sina shaka aliniona. Hakunitambua.

"Mchezo umemchosha tu," nikasema.

Noelene alivuta blanketi lake upande, mbali na mimi.

Kabla ya robo ya mwisho timu zilibadilishana upande. Kila mchezaji akavuka. Kerrin hakuvuka. Alirudi kwenye goli lile lile mbele yetu, goli ambalo sasa lilikuwa la wapinzani, akasimama peke yake, akanyoosha mkono kuomba mpira.

Watu wakaanza kucheka. Kicheko kilianza upande mmoja kikazunguka uwanja mzima.

"Yuko huru!" Gavan akapiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hana mtu! Mpeni mpira apige tatu zake!"

Mdogo wangu aliendelea kunyoosha mkono. Alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la heshima, la mtu ambaye hataki kusumbua. Kisha magoti yakamwishia, akalala chini taratibu, upande mmoja, kama mtu anayetafuta usingizi.

Watu wa klabu walimfikia mbio. Machela ikaja. Uwanja ukanyamaza.

Thelathini wetu hawakunyamaza.

"Mia thelathini na mbili!" mtu akasema kwa nyuma. "Mara mbili, mia mbili sitini na nne! Hazifutwi hizo, hata akitoka!"

Gavan alinikumbatia. Nilinusa bia, mchuzi wa nyanya, na jasho la fulana mpya. "Verity, wewe ni noma! Uko wa kwanza! Angalia, uko wa kwanza nchi nzima!"

Alinisogezea simu usoni. Kweli. Jina langu lilikuwa juu kabisa.

Nilimsukuma kwa mikono miwili, akaangukia viti vya mbele. "Ni mdogo wangu yule!" nikapiga kelele. "Ni mdogo wangu!"

Akanitazama kwa mshangao wa dhati. "Tunajua," akasema. "Si wewe uliyetuambia tumnunue?"

Nilitoka mbio.

Hospitalini jua lilikuwa halijazama bado. Nilimkuta Kerrin amekaa kitandani, ameegemea mito, macho mazima, anaongea. Moyo wangu ukarudi mahali pake. Saskia alikuwa amemshika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kikombe cha maji.

"Dada!" akasema. "Umekuja kutoka shambani? Nani kabaki na baba?"

"Baba yuko salama."

Saskia alinikumbatia kwa nguvu. "Ashukuriwe Mungu umefika, wifi. Anakuita tangu kwenye gari la wagonjwa."

Daktari akaingia, mwanamke kijana, mwenye haraka lakini mwenye adabu. Aliitwa Perera. Alimmulika Kerrin machoni kwa tochi ndogo, akaandika, kisha akatugeukia.

"Nimeiona picha ya video ya tukio," akasema. "Lile bega halikumpata kwa nguvu. Halielezi ninachokiona hapa. Kerrin, kabla ya leo uligongwa kichwa? Wiki hii, wiki iliyopita?"

"Hapana," Kerrin akasema.

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Nilimwangalia usoni. Namjua tangu alipozaliwa, na akidanganya huwa anapepesa macho. Hakupepesa. Hakuwa anaficha. Jumanne yote ilikuwa imefutika kwake: kondoo, nguzo, tope, ahadi yetu. Siri ilikuwa imebaki na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Mnataka kujua nilihisi nini? Nilihisi nafuu. Nilisimama kando ya kitanda cha mdogo wangu na kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa nafuu. Hakuna atakayejua. Sijawahi kujichukia hivyo.

"Muulize dada," Kerrin akamwambia daktari, akanitabasamia. "Mimi huyu simfichi kitu."

Wote watatu wakanigeukia.

"Hili jibu ni muhimu," daktari akasema. "Likinibadilishia picha, nabadilisha kila kitu, na nabadilisha sasa hivi."

Nikafungua mdomo.

"Jumanne," nikasema. "Kondoo dume alimpiga, akagonga nguzo ya chuma. Alizimia. Akatapika. Akaniuliza mama yuko wapi."

"Alizimia kwa muda gani?"

"Sijui. Dakika. Labda mbili."

Daktari hakunilaumu kwa neno hata moja. Alifunga faili, akatoka, na tulisikia viatu vyake vikianza kukimbia kwenye korido.

Saskia aliachia mkono wa mumewe. Alisimama polepole sana.

"Alhamisi nilikupigia," akasema.

"Wifi..."

"Nilikuuliza. Ukaniambia nimpe supu."

"Nilidhani..."

"Jumatano uliandika yuko fiti. Nilisoma mwenyewe. Nilimsomea kitandani, akiwa amefunika uso kwa mto. Nikamwambia, ona dada yako anavyokupenda." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ningefurahi kama angenipiga. "Umemfanya nahodha, Verity. Alikuwa anatapika, ukaenda kumfanya nahodha."

Hakuniita wifi tena.

"Saskia, mwache," Kerrin akasema kutoka kitandani. Alikuwa anatutazama kwa zamu, amekunja uso kama anayejaribu kusikia redio ya mbali. "Mwache dada. Hana kosa. Jumanne ipi mnayosema? Mimi Jumanne sikuenda popote. Dada angejua ningekuwa naumwa, angeniam..."

Neno halikumalizika.

Kikombe kilimtoka mkononi. Maji yakatapakaa kwenye shuka. Kerrin aliutazama mkono wake wa kushoto, umelala hapo, vidole vimekunjuka.

Alijaribu kuuinua. Haukuinuka.

"Dada," akasema, na upande mmoja tu wa mdomo wake ukasogea.

Saskia alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Mimi nilikuwa tayari mlangoni, nakimbia kwenye korido nikimwita daktari kwa jina. Mlango wa mwisho, wa chumba cha upasuaji, ulikuwa umefungwa, na taa nyekundu ya kuzuia watu wasiingie ilikuwa inawaka juu yake.